Wakimbiaji Walioketishwa Mjambere

Mwende, shoga yangu,

Leo ni Jumanne, na goti langu la kushoto limeumuka kama unga wa mahamri. Nimekaa kwenye kiti cha cherehani, mguu nimeupandisha juu ya mto, na kazi za watu zimelala pale pale tangu Ijumaa. Kuna bibi harusi wa Junda anakuja kesho kutwa kuchukua gauni lake na mikono bado sijaitia. Atangoja kidogo. Nina habari yako ambayo nikiiweka zaidi itanichachia moyoni.

Jumapili nilikimbia. Ni zile mbio kubwa zinazoleta wageni kutoka kila pembe, ambazo mimi na wewe tulizipangia kila asubuhi kama watu wanaopanga harusi. Nilikimbia kilomita ishirini na moja. Nilikimbia, nikatembea, nikachechemea, mwisho nikafika. Na Ndinda wako alikuwepo. Nitakueleza yote kwa mpango, ila unanijua, mpango si jambo langu. Utanivumilia kama ulivyokuwa ukinivumilia njiani, mimi nikisema na wewe ukihema.

Kwanza habari za mtoto, maana najua ndizo unazozitaka. Alipita mtihani wake, Mwende. Alipita vizuri. Sasa yuko chuoni, anasomea kazi yako ile ile ya kutoa mizigo bandarini, na anakaa kwa dadako Chaani. Dadako anasema ananyoosha nguo zake mwenyewe na analala na redio ikisema, kama wewe. Haya yote nimeyasikia kwa dadako, si kwake. Kwangu hajakanyaga tangu tulipokuzika. Nikimpigia simu haishiki. Siku moja nilimkuta sokoni Kongowea, tukatazamana juu ya mafungu ya nyanya, akageuka akaenda zake na mfuko mtupu.

Simlaumu. Wewe uliniomba nisimwambie kwamba unaumwa mpaka amalize mtihani, na mimi nikakubali. Siku ya wazazi nilikwenda shuleni kwake Mariakani badala yako, nikamwambia mamako ametumwa Nairobi na ofisi, huku namtolea mahamri na mbaazi za nazi. Akala mpaka akajilamba vidole. Akaniuliza kama utamletea kitu kutoka Nairobi, nikasema bila shaka. Baada ya mazishi aliniambia mbele ya watu, "Ulinidanganya huku ukinilisha, anti." Miezi kumi nzima hilo lilikuwa neno lake la mwisho kwangu.

Na kulikuwa na jingine ambalo yeye hakulijua. Hata wewe hukulijua lote. Nitalifikia, nipe nafasi.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuja dukani na ile sketi yako ya ofisi, ya kijivu, unataka niitanue mara ya tatu. Nikakwambia kitambaa kimekwisha, sasa tumpunguze mwenyewe. Nilidhani umekasirika. Kesho yake jua halijatoka ukabisha mlango wangu umevaa raba, ukasema, "Haya fundi, twende ukanipunguze." Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kusali, hata chai sijanywa. Nikatoka hivyo hivyo na dera langu na suruali ndani, ushungi nimeufunga kisogoni. Tulifika msikitini tu nikakaa chini. Wazee waliokuwa wakitoka wakauliza twafukuzwa na nani.

Mwezi wa tatu tukawa twafika Bamburi na kurudi. Wewe ulikuwa na mbio za watu wa bara, hatua ndefu na kifua mbele, ukidhani hewa ni moja kila mahali. Nikakufunza kwamba hapa kwetu hewa yenyewe ina maji, ukiivuta kwa pupa inakulemea. Ulinicheka wiki nzima. Halafu asubuhi moja ukatapika kando ya barabara, ndipo ukaanza kunisikiliza.

Siku ile ya kwanza tuliporudi, mamangu mdogo, Bi Mwanakheri, alikuwa uani akichagua mchele. Ukaomba maji. Akakuletea gilasi, lakini akabaki nayo mkononi. "Kaa kitako kwanza, mwanangu. Maji hayanwewi wima." Ulidhani ni mzaha. Ulinyoosha mkono mara mbili, na mara mbili akairudisha gilasi nyuma. Sisi tumelelewa hivyo: unakaa, unataja jina la Mungu, unakunywa kwa pumzi tatu. Mtoto wa miaka miwili anajua. Basi ukatafuta pa kukaa, ukaona mbuzi ya kukunia nazi, ukaikalia, ukanywa maji yako kwa adabu na jasho likikutiririka. Kuanzia siku hiyo Bi Mwanakheri akakupenda kuliko anavyonipenda mimi.

Ninakukumbusha hayo kwa sababu ndiyo yaliyowaharibia watu mbio zao Jumapili.

Ilikuwa hivi. Waandaaji wa mbio walikuja mitaani mapema, wakaomba kila mtaa ulio kando ya barabara usimamie meza yake ya maji. Ya kwetu ikawa upande wa kurudi, wakimbiaji wakiwa wameshatoka Bamburi na miguu imeanza kuwalalamikia. Akina mama wa Mjambere wakaichukua kwa mikono miwili, na kwa kuwa mimi ndiye mkimbiaji wa mtaa, nikafanywa mwalimu wao. Niliwafunza kila kitu. Meza ikae kivulini, maji yapoe lakini yasiwe ya barafu, machungwa yakatwe vipande vinne, leso ziloweshwe kwa ajili ya wenye joto. Walinisikiliza vizuri sana. Jambo moja tu sikulisema, kwa sababu halikunijia akilini kama linahitaji kusemwa: kwamba mkimbiaji anakunywa huku anakimbia. Miaka yote hiyo nimekimbia na wewe, na sisi tulikuwa tukinywa nyumbani, kitako.

Jumapili asubuhi nikafika kisiwani, mbio zinakoanzia, kungali giza kidogo, watu wengi kupita kiasi. Kulikuwa na wageni wa kila rangi. Karibu yangu alisimama mama mmoja mzungu, mkubwa kunishinda, amejipaka mafuta meupe usoni mpaka kwenye kope. Aliniambia kwa Kiswahili cha kitabuni kwamba kwao sasa kuna baridi na kwamba ameingojea siku hii miaka miwili. Upande wa pili kijana wa bara, mwembamba, anarukaruka mahali pamoja. Nikamwambia, pole pole baba, huku si kwenu, joto la hapa halina huruma. Akanijibu, "Usijali mathe, mimi hii ni warm-up." Nikakukumbuka wewe na kutapika kwako.

Tulipaswa kuanza saa kumi na mbili. Tukaanza saa moja u nusu, kwa sababu kuna mkubwa alikuwa akingojewa aje apulize firimbi, na alipokuja akahutubia. Ile saa ya ubaridi, saa yetu mimi na wewe, ilikwisha watu wamesimama wakisikiliza hotuba. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na jua lilipotoka barabara yote ikaanza kufuka. Nilipovuka daraja la Nyali nguo zilikuwa zimenigandama mwilini kama nimetoka kuoga nazo.

Lakini palikuwa na uzuri wake, sikufichi. Kongowea watu walitoka na sufuria na vijiko wakitupigia. Watoto wa madrasa walipanga mistari wakitunyooshea viganja tuvipige. Muuza mitumba mmoja alinivulia kofia. Nilikuwa nakimbia katikati ya barabara ile ile ambayo siku zote tulijibanza kwenye mtaro kukwepa magari, na magari hakuna. Nililia kidogo hapo. Nilisema peke yangu, Mwende hii ilikuwa yako, na mtu mmoja aliyekuwa akinipita akaniuliza kama niko sawa.

Nilipopita Mjambere nikielekea Bamburi nilitupa jicho ng'ambo nikaona viti vimepangwa chini ya turubai, vile viti vya plastiki vya shughuli. Nikadhani akina mama wamejiwekea wapate kupumzika. Nikapungia mkono, nikaendelea.

Meza mbili zilizofuata zilikuwa hazina tone. Kwenye ya tatu maji yalikuwepo, yamekaa juani mpaka yakawa ya moto kama ya kumkandia mzazi. Watu wakaanza kutembea. Wengine walikuwa wanatukana kwa lugha zao, na nadhani nilielewa. Basi tulipogeuka Bamburi kurudi, kila mtu mawazo yake yalikuwa kwenye maji, na meza iliyokuwa mbele yetu ni ya Mjambere.

Shoga, nilifika nikakuta harusi. Mikeka imetandikwa, viti vimejaa, wakimbiaji wamekaa safu kwa safu na namba zao kifuani, kila mmoja na gilasi ya kioo mkononi, leso mbichi kichwani. Gilasi za kioo, Mwende! Akina mama walizitoa kabatini, zile za wageni. Bi Mwanakheri amesimama katikati ya barabara na upepeo wake, na hakuna anayepita. "Kaa kitako, mwanangu, unwe. Huko wendako hakuondoki."

Wale wa mbele kabisa, niliambiwa, walipita kabla hajafungua mdomo. Waliopatikana ni kundi la kati. Yule kijana wangu wa bara alikuwa amekamatwa, amekaa mstari wa mbele, uso umempauka. "Mathe, niko kwa race, wacha niende," alikuwa akisema, na Bi Mwanakheri akimjibu kwamba atakwenda, nani amemzuia, lakini pumzi ya pili bado. Mtu mmoja mwenye saa kubwa mkononi alikuwa karibu kulia kwa hasira. Alijaribu kuinuka, paja likambana, akarudi kitini anapiga kelele, na papo hapo akapakwa mafuta ya nazi na mama wawili bila kuombwa. Na yule mama mzungu alikuwa amevua viatu, miguu ndani ya beseni, macho ameyafumba, anakula tende.

Nilitaka kupiga ukelele kwamba jamani hivi sivyo. Nikaona wanaume wawili wamelazwa mkekani, ngozi kavu hata jasho hawana, wanamwagiwa maji kidogo kidogo. Watu wa huduma ya kwanza walipofika baadaye walisema wale hawakuwa wa kuendelea hata hatua mia. Nikafunga mdomo wangu.

Ndipo Bi Mwanakheri akanishika mkono. Nikamwambia mimi si mgeni, nipe nikimbie. Akanitazama kama amenifuma ninaiba. "Kaa hapo, kando ya mwanao."

Kiti kilikuwa kimebaki kimoja, na kando yake alikuwa amekaa Ndinda.

Alivaa fulana ya chuo chao. Walikuja kundi zima, wenzake walikuwa wameshamwacha. Leso ilimfunika mpaka kwenye nyusi, na chini yake ni mdomo wako, Mwende, ule unaoukaza ukichoka. Aliniona. Hakuwa na pa kugeukia, maana kushoto kwake kulikuwa na yule mtu wa mafuta ya nazi. Nikakaa. Nikapewa gilasi. Nikasema bismillahi.

Nimekusimulia habari za sufuria na vijiko na gilasi za kioo na kila kitu, na unanijua, nikizunguka hivi ujue ninaogopa. Acha kwanza nikwambie waliyoyasema watu baadaye, halafu nitarudi pale kitini, sitakimbia.

Kwenye simu za watu tangu Jumapili hakuna jingine. Wako wanaosema hawarudi tena Mombasa kukimbia hata walipwe: wamecheleweshwa, maji yalikwisha, medali zilikwisha pia, kwa sababu waliokimbia mbio fupi walijichukulia mbili mbili. Wako wanaosema hawajapata kupokewa hivi popote duniani. Mmoja ameandika kwamba pale Mjambere alitekwa nyara na bibi mmoja, akapoteza dakika tisa na rekodi yake ya maisha. Mwingine ameandika kwamba zile dakika za kwenye kiti ndizo atakazozikumbuka, na anauliza jina la yule bibi ili amwandikie. Bi Mwanakheri alisomewa zote mbili. Akauliza kuhusu yule wa kwanza, "Maji alikunwa?" Akaambiwa alikunywa. Akasema basi, akaendelea na mchele wake.

Sasa narudi.

Mwende, asubuhi ile ya mwisho hospitali tulikuwa mimi na wewe tu, dadako hajafika. Jua lilikuwa linachomoza. Wiki tatu ulikuwa umekataa mtoto akuone umekonda namna ile, halafu ukafungua macho ukaniambia, "Mwite Ndinda. Sasa niko tayari anione." Nilitoka nje na simu. Nikajiambia, mtihani wake wa asubuhi ni saa mbili, nikimtoa sasa atakosa karatasi, na wewe mwenyewe hutanisamehe. Acha amalize hii moja, saa sita nitampigia mwalimu wake. Mariakani si mbali, saa moja atakuwa hapa. Nikarudi ndani. Ukaniuliza, "Umemwita?" Nikakujibu, "Nimemwita. Yuko njiani."

Sikuwa nimemwita. Uliondoka saa tano, unatazama mlango.

Hilo ndilo lililokuwa likinikaba miezi kumi. Nililibeba kila asubuhi kwenye barabara ya Kisauni, peke yangu, na sikuliambia hata mto ninaoulalia. Kila nilipofikiria kumwambia mtoto nilijua ndiyo nitakuwa nimempoteza moja kwa moja. Bora anichukie kwa uongo wa mahamri. Lakini pale kitini, Mwende, nilikuwa nimechoka mno hata kuogopa. Nikanywa pumzi ya kwanza, nikamwambia yote. Nilitazama miguu yangu, nikasema kwa sauti ndogo, bila kujitetea, mpaka pale pa mlango.

Alimaliza maji yake. Aliiweka gilasi chini ya kiti taratibu, akavua leso akaikunja, akamkabidhi Bi Mwanakheri kwa mikono miwili kama ulivyomlea. Halafu akaondoka anakimbia.

Nikainuka nimfuate, goti likakataa. Nililazimisha. Kutoka Mjambere mpaka darajani ni njia tunayoijua mimi na wewe hata kwa macho ya kufumba, na Jumapili sikuiona. Nilimwona yeye tu, fulana ile mbele yangu, inapungua, inapungua, halafu haipo. Nilitembea. Waliopumzishwa na Bi Mwanakheri wakaanza kunipita mmoja mmoja, wana nguvu mpya. Yule kijana wa bara alinipita na akanipigia saluti. Yule mama mzungu alinipita anaimba. Nikajisemea, Rukia, umesema ukweli siku moja katika maisha yako na tazama ulichopata.

Nilimkuta darajani. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa njia ya waendao kwa miguu, mguu mmoja ameunyoosha, umembana kwenye shavu la mguu. Nilisimama. Sikujua kama nina ruhusa ya kusogea. Akanyoosha mguu mbele zaidi bila kunitazama, nikaelewa, nikapiga magoti kwa hili goti moja zima, nikamkanda kama nilivyokuwa nikikukanda wewe, kidole gumba chini ya shavu la mguu na kupandisha. Alikuwa analia, na nilidhani ni maumivu.

Akaniuliza ulisemaje. Maneno yenyewe, niyaseme kama ulivyoyasema. Nikayasema. Akaniambia niyarudie, nikayarudia. "Sasa niko tayari anione." Alitikisa kichwa muda mrefu.

Nikwambie alichosema, kwa sababu mimi sikukijua na wewe hukukijua. Miezi yote hii mtoto alikuwa anaamini kwamba hukumtaka. Aliambiwa ulikuwa hospitali wiki tatu, una akili zako na ulimi wako, na hukumwita. Alidhani alikukasirisha ile likizo ya mwisho mliyogombana kwa sababu ya simu. Alilala na hilo kila siku huko Chaani na redio yake. Na mimi ndiye niliyekuwa na dawa, nimeificha kwa kumwonea huruma na kwa kujionea huruma mwenyewe.

"Kwa hiyo aliniita," akasema. Nikasema ndiyo. "Na alipokuwa akitazama mlango, alijua nakuja." Nikasema ndiyo, alijua unakuja.

Akaficha uso magotini akalia kilio ambacho hakukilia makaburini, Mwende. Watu walisimama wakitaka kutupa maji. Mtu wa huduma ya kwanza akaja akauliza ni nani mgonjwa. Nikamwambia hakuna mgonjwa hapa.

Alipotulia akanieleza wazi. Hilo la kutompigia simu hawezi kunisamehe leo, na hajui ni lini. Angeiacha ile karatasi. Angekuja hata kwa lori la kokoto. Nikamwambia najua. Sikumwomba chochote, kwa mara ya kwanza sikuongeza neno. Akaniangalia goti, akasema, "Anti, hilo goti halifai hata kutembea, lete bega." Tukavuka daraja hivyo, yeye akiburura mguu wa kulia na mimi wa kushoto, magari yameshaanza kurudishwa barabarani na madereva wanatupigia honi. Medali hazikuwepo tulipofika. Tulipewa ndizi moja moja na kijana aliyekuwa anakunja bango. Ndinda alicheka. Tulizila pale pale, tumekaa kwenye ukingo wa barabara, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote.

Na wewe pia, shoga, nakuomba radhi. Nilikudanganya ukiwa unakufa. Nimejaribu kujipa udhuru kwamba uliondoka na matumaini, na labda ni kweli, lakini ulistahili kumwona, si kumngojea. Hilo ninalo, sitalikimbia.

Kesho baada ya darasa anakuja Mjambere. Ni yeye aliyesema anakuja, mimi sikumwita. Anataka nimsimulie zile wiki tatu, siku baada ya siku, ulikula nini, ulicheka lini, nani alikuja kukuona. Uliniachia mambo mengine ukasema yasimfikie: siku uliyoniomba nikunyoe nywele, na ule usiku ulioniuliza kama Mungu wako na wangu wataelewana wakikutana kwa ajili yako. Nisamehe, nitamwambia yote. Siri zako si zangu tena kuziweka, zina mwenyewe. Nakuahidi sitapunguza wala kutia chumvi, na akiniuliza jambo linaloniuma nitajibu hilo kwanza.

Mungu wako na wangu kwa pamoja wakulaze pema, Mwende wangu. Pumzika. Acha kutazama mlango, mwito wako umemfikia mwanao.

Ameshafika.

Fundi wako,
Rukia